Vidole Vinne

Sikudhani kasema vidole vinne.
Kavilaza mgongoni kwangu, vya mkono wenye pete:
"Kutoka hapa kushuka zimekufa, fundi. Unafuga maiti."
Saluni nzima ikacheka, hata yule aliye ndani ya drya,
ambaye najua hakusikia.

Nikalipa kuoshwa tu. Nikaondoka na maiti wangu.

Miaka mitatu nazikuza,
tangu nilipoacha dawa nikanyoa kipara
na mama mkwe akauliza nani kafa kwetu.
Kila mwisho wa mwezi napima kwa futi ya kazini,
naandika nyuma ya daftari la wateja,
kati ya kiuno cha Bi Mwanahamisi na deni la vifungo.
Tangu Ramadhani namba haijasogea.
Zinaota juu, zinakatika chini,
kama mshahara.

Dada yangu Tabu: "Usithubutu!
Mjini hapa urefu ni urefu, nani atakukagua ncha?"
Mpangaji wa chumba cha uani: "Ni maji.
Kisima hiki cha Yombo kina chumvi, kinakula hata sufuria."
Kila mtu ana lake: nazi, parachichi, maji ya mchele.
Yai nalo nilipaka, nikasuuza kwa maji ya moto,
wiki nzima nachambua kimanda kichwani.

Na mimi huyu, Mtaa wa Mchikichi,
mguu kwenye cherehani,
nakata nguo za watu mkono hautetemeki.
Juzi gauni la harusi, nimelipunguza inchi sita
mwenyewe kafumba macho.
Nikamwambia, kitambaa kisichopindwa huchanika kwenda juu,
uzi mmoja humwita mwenziwe,
ukichelewa utakata gotini.
Nilisema hivyo. Mdomo huu huu.

Lakini nywele hazina pindo.
Ukikata leo, kesho ncha ni ncha tena.
Na hizi za mwisho ndizo za kwanza:
ndizo zilizochomoza kwenye kipara kile,
nikizipapasa usiku kwa ulimi wa kidole
kama mtoto aliyeota jino.
Ndizo hizo naambiwa nizitupe.

Jana usiku nikaketi mbele ya kioo.
Nikasuka twende kilioni, mistari minane
(jina lenyewe likanichekesha),
nikaileta mikia mbele, begani.
Mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine,
si karatasi, si kamba ya kiroba;
mwanafunzi wangu Mwajabu nilishamkaripia kwa hilo
hadi akalia.
Nikautoa. Nikatazama mlangoni kama mwizi.

Mkia wa kwanza, wa kushoto.
Vidole viwili, si vinne;
hata kwa Sikudhani sikubali bei ya kwanza.
Krr.
Zikaangukia kwenye kanga, nyepesi, za rangi ya kutu.
Nikazifunga pembeni ya kanga hiyo hiyo,
maana nywele za mtu hazitupwi ovyo.

Nikashika wa pili,
ukakatika umeme.
Luku ilikuwa inalia tangu magharibi, nikaipuuza.
Feni ikazunguka kwa mazoea, kisha ikasimama.
Nikabaki na mkasi hewani,
mwanamke aliyeamua moja ya nane.

Gizani vidole vikaanza kufanya kazi yao.
Wa kushoto: unaishia pale unapoishia,
mzito, mkavu wa maneno.
Wa kulia: unapungua, unapungua,
unasaga hewa na bado hujui
kama umekwisha kuuachia.
Nikarudia. Kushoto. Kulia. Kushoto.
Huku nje mtu anaburuta ndoo, anakohoa,
muuza kahawa anagonga vikombe kuelekea barabarani.

Simu ilikuwa na tochi. Sikuiwasha.
Nikarudisha kidole gumba kwenye tundu la mkasi,
nikahesabu kwa kupapasa:
huu nimeshaukata.
Huu bado.